Mpaka Majivu

Wodi ya Kifua,
Bariadi.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na kuku wako, na lile goti la kushoto? Mwanao ni mzima, ukiacha kifua. Ila nimefungwa, mama. Mimi niliyefikisha lori Ndola na Mombasa, leo safari yangu ni kitandani mpaka dirishani. Kila asubuhi sindano ya tako. Lori langu la pamba linapita hapo nje, dereva mgeni anakwaruza gia, nami natazama tu kupitia nondo za dirisha. Naambiwa ni miezi.

Sasa sikia. Alikuja Mzee Masunga wa Nkololo, kakonda kama fimbo ya kuchungia. Mara mbili wamempima makohozi wasione kitu, karudishwa na dawa ya maji. Na mjukuu anayelala naye keshaanza kukohoa. Nikamwona kupitia dirishani: kakohoa kohozi zito, kalitema chini, kalifukia kwa mguu. Halafu akadondosha mate matupu kwenye kopo la vipimo!

"Mzee! Pamba unaifukia, mpimaji unampelekea makapi?"

"Nyamaza, dereva. Kitu cha kifuani mwangu nikiache kwa watu? Walozi wakikiokota, utanizika wewe?"

Hakuwa akitania. Nikamwita mama mpimaji, nikamweleza; mdomo wangu unaujua.

"Baba," akamwambia, "nikishapima, kopo nalichoma mbele yako."

"Mpaka majivu?"

"Mpaka majivu."

Kulipokucha mzee akakohoa mpaka tukashika vichwa. Akalitoa lenyewe, akaketi mlangoni mwa maabara kama mlinzi wa ghala, habanduki, mpaka kopo likaungua.

Wadudu wa kifua kikuu walikuwa tele. Sasa kitanda chake kimepakana na changu. Anakoroma, akiamka ananilaumu: "Umenifunga humu, wewe."

"Mimi mfungwa mwenzio, mzee. Ufunguo anao nesi."

Lakini jana mjukuu alipoletwa kupimwa, mzee alinishika mkono.

Mama, kikohozi chako unasema ni moshi wa kuni. Moshi gani huo, tangu mahindi yapandwe mpaka yamevunwa? Siwezi kuja kukubeba. Nenda hospitali, utoe cha kifuani, siyo mate ya adabu. Nakujua, utaona haya. Ukiogopa, waambie wakichome huku unaona.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na dada na mumewe asiyecheka. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie akusindikize, nitamletea kofia.

Siku nikifunguliwa nitapiga hodi hapo mlangoni. Nataka uitikie wewe, mama, si mtu mwingine.

Mwanao,
Ramadhani,
dereva asiye na lori