Tunda la Tatu

Jumatatu, 3 Februari
Bandani, ndani ya wavu, tangu alfajiri. Maboga ya mbegu — nyuki hawaruhusiwi humu, wasije wakachanganya aina. Nyuki ni sisi. Unachuma ua dume, unalisugua kwenye ua jike, unafunga uzi. Jua likipanda ua limeshajifunga, basi tena. Mapacha wangu, Bonge na Kijiti, nimewaacha kwa jirani. Mwaka na miezi miwili. Ziwa langu moja limekauka.

Jumatano, 12 Februari
Bwana shamba kaongea wakati wa chai. Eti zamani dunia ilikuwa ya mimea isiyo na maua. Ile ilikuwa inapika kabla haijajua kama mgeni anakuja! Yenye maua husubiri: mbegu haiwekewi akiba ya chakula mpaka itunge mimba. Na matunda yakizidi, mmea wenyewe unayaangusha. "Ndiyo maana imetapakaa kote. Haina huruma ya kijinga."

Kisha amri: kila mche matunda mawili, mengine ng'oa.

Mstari wangu sikung'oa. La tatu nililifunika kwa majani. Mkono ulikataa.

Jioni kaja wifi. Tangu tumzike kaka yake, mume wangu, wimbo ni huo huo: nipe mmoja, wawili watakumaliza. Nikamwambia mtoto si kifaranga cha kugawiana. Akacheka peke yake.

Alhamisi, 27 Machi
Wamepasua maboga. Mstari wangu — mapepe! Maganda matupu, mche baada ya mche, yote matatu. Msimamizi kanimwagia hayo mapepe kiganjani. "Mama Pacha, huruma yako haioti." Kesho nisije.

Jumamosi, 29 Machi
Kijiti anakohoa siku ya pili. Wifi kafika asubuhi na mfuko. Nikasema haya, mchukue Kijiti, kwako maziwa yapo. Akakataa. Huyo atamfia mikononi, anamtaka Bonge.

Nimekubali. Mimi!

Nimeponda viazi, nimeshindilia kikopo mpaka kifuniko kinagoma. Asifike na njaa.

Wamelala mkekani. Kijiti kamng'ang'ania mwenzake sikio. Wifi yuko mlangoni: "Wifi, gari linaniacha!" Nimembandua Kijiti vidole vitatu, nikakaa chini kuandika. Viwili bado vimeshika. Wifi anaita tena —