Watu Mia Tatu na Arobaini na Manju Mmoja

Kambi ya Mgodi,
Geita, kwa njia ya Mwanza.
2 Machi 1952

Mpendwa mdogo wangu Pantaleo,

Jumapili ya tarehe 19 Agosti mwaka jana, saa kumi na nusu alasiri, nilipoteza watu mia tatu na arobaini na manju mmoja. Nalitaja hilo kabla ya salamu, maana salamu zikitangulia nitalainika.

Sasa, hujambo? Kifua ulichorudi nacho kutoka Burma kimepona? Shikamoo yako ya Desemba ilinifikia; marahaba. Sisi huku wazima. Justa ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivuna nayo. Mvua si haba, pamba imesimama. Mimi bado ni nyapara wa zamu ya asubuhi, watu hamsini na sita chini yangu, nami nilianza kwa kusukuma vigari bila mjomba yeyote ofisini.

Sheria ya uwanja unaijua kama niijuavyo mimi. Vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, ngoma zinalia wakati mmoja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Saa tisa nilikuwa na watu mia nne. Niliwahesabu kwa mistari kama ninavyohesabu zamu. Ndipo wewe, mtoto wa mama yangu mdogo, Mgika wa kuzaliwa, ukasimama upande wa Wagalu na tarumbeta yako ya Dar es Salaam. Kufika saa kumi na nusu nilibakiwa na sitini, na ishirini kati yao ni wazee wasioweza kuhama. Kisha Makoye, manju wangu, mtunzi na mwimbishaji wetu, akavuka uwanja na njuga zake miguuni. Nilizisikia zikienda. Jumanne mkapanda naye lori la Mwanza. Mimi amenijua miaka kumi na moja. Wewe siku tatu.

Nitakwambia na la aibu. Nilikwenda kwa mganga kutafuta samba, ile dawa ya kuvuta watu uwanjani. Mzee akaniuliza adui yangu anapiga nini. Nikasema tarumbeta. Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana nyapara, mimi natibu ngoma. Hiyo yenye mdomo wa shaba kawaulize mapadre." Nyumbani nako shemeji yako Philomena akanipokea na lake: "Baba Justa, dawa ya nini? Una wivu, nao hautibiwi kwa mizizi."

Katika barua yako umenijazia kurasa tatu habari za askari weusi wa Amerika uliokutana nao vitani. Kwamba babu zao walikuwa watumwa katika mashamba ya pamba. Kwamba wajukuu walihamia miji ya kaskazini, wakayatia machungu yale katika tarumbeta na ngoma, ikawa jazi. Kwamba huko Harlem watunga mashairi, wachoraji na watu wa magazeti waliisikiliza, nao wakaanza kusema kwa sauti, mpaka mtu mweusi akaacha kuionea haya sura yake. "Kaka," umeandika, "wale waliamshwa na muziki, na sisi utatuamsha." Maneno mazuri. Nayo pia nimeyaonea wivu.

Basi nikaichukua ile santuri ya jazi uliyoniachia, nikaenda nayo kwenye duka moja la Kalangalala lenye gramafoni, niitafute kasoro. Niliisikiliza mara kumi na saba. Mwenye duka akaniambia, "Nyapara, sahani hiyo si mwamba, utaitoboa!" Mara ya kumi na saba nikasikia: tarumbeta moja inatangulia, nyingine zinaitikia, inazikatiza, inaongeza neno. Pantaleo, hiyo ni kazi ya jembe! Ni mstari wa walimaji na manju wao mbele. Nilimsikia Makoye ndani ya santuri ya watu wasiomjua.

Wale, basi, hawakuazima wimbo wa jirani ili waamke. Waliushika wimbo wa pamba yao wenyewe, wakautanguliza, tarumbeta ikaufuata. Wewe unaye mtu mwenye nyimbo arobaini na tatu za pamba kichwani. Nimezihesabu, na hakuna mwingine azijuaye zote. Mageni, mmoja wa watu wa zamu yangu, alirudi kutoka huko Dar es Salaam mwezi uliopita, aliwaona mkipiga ukumbini. Anasema umemweka Makoye nyuma kabisa atikise kopo la mawe, na mdomo hakuufungua hata mara moja. Limi, mama yake, ameniuliza mara mbili kama mwanawe ni mgonjwa. Nimemwambia sijui, na mimi sipendi kusema sijui.

Ikiwa Makoye husimama mbele akaimba nyimbo zake, na tarumbeta yako ikamwitikia, mwache akae. Nitaumia, lakini nitamweleza Limi mimi mwenyewe, na mwezi wa Juni nitaingia uwanjani na sitini wangu. Ikiwa haimbi, mpandishe treni arudi, wala usiniandikie tena habari za Harlem.

Nisalimie shemeji Zipora na mwanenu Donatus. Philomena anawasalimu. Mungu akuzidishie pumzi, ya kifua na ya tarumbeta pia.

Ni mimi kaka yako akupendaye, pamoja na kinyongo changu chote,

Stanslaus Masele

Mfuko wa barua hufunguliwa hapa kila Ijumaa. Tarehe 4 Aprili nitakuwa nimesimama dirishani posta. Neno moja linatosha: anaimba, au haimbi?