Zip ya Shangazi

Jumatatu, 25 Ramadhani
Iandikwe, na vizazi vijue: leo baada ya alasiri, hapa Michenzani, nimefungua zip, faili lililofungashwa nililolipakua mtandaoni. Ndani hamna mchezo. Mna vifaili kumi na tisa, majina kama namba za gari. Hakuna kinachofunguka.
Shangazi Rukia anarudi Pemba baada ya Sikukuu. Nimemwahidi Idd Mosi atacheza tena, kwenye kompyuta yangu, ule mchezo wa mashine aliokuwa akiwashinda nao wavulana dukani Mkunazini, enzi za usichana wake. "Una kelele, na kijiti chekundu," ndivyo alivyonieleza. Nikasema naujua.

Jumanne, 26
Nyumba nzima inasafishwa kwa Sikukuu. Nami nimesafisha zip. Vifaili vinne vina ukubwa mmoja, nimefuta vitatu. Zip nimeipa jina la heshima: Mchezo wa Shangazi. Programu inayoiga mashine za zamani inasema haiujui.
Binamu yangu Salum, mwenye cheti cha kompyuta, kachungulia. "Nikusaidie, fundi?"
Nshamaliza, nikamwambia.

Alhamisi, 28
Nimesoma mpaka macho yanauma. Kumbe kila kifaili ni nakala ya chipu moja ya mashine: hii picha, hii sauti, hii akili. Zip ndiyo mashine yenyewe. Haifunguliwi, haibadilishwi jina. Mimi nimeing'oa chipu tatu kwa usafi.
Nimeipakua upya. Kijiti changu cha kuchezea nimekipaka rangi ya kucha ya mke wangu, kiwe chekundu. Naye kanuna.

Ijumaa, 29
Bado! Vimekosekana vifaili viwili. Zip yangu ni toleo la mtoto, lililotokana na toleo la awali. Vilivyobaki vimo kwenye zip ya mzazi, na bando limekwisha. Shangazi anawatangazia majirani. Salum anapiga mluzi barazani. Namchukia.
Nimeomba mwezi usiandame. Aibu kuandika.
Haukuandama.

Jumamosi, 30
Mtaa mzima unanung'unika kwa siku ya ziada. Mimi nimenunua bando. Zip mbili, folda moja, zimefungwa, na majina yake yaleyale mabaya. Imewaka! Gari, barabara, kelele. Nimemwita Salum makusudi.

Jumapili, 1 Mfunguo Mosi, Idd Mosi
Shangazi kaja na kanga mpya. Kashika kijiti. Kalitazama gari likipita mara mbili.
"Mzuri, mwanangu."
Kisha kaenda jikoni kusaidia kupakua pilau.
Mchezo wake ulikuwa wa ndege.