Hodi Tuliyoshindwa Kupiga

Pumpengasse 7,
Kaltenwerth, kando ya Mto Rhein.
9 Novemba 2011.

Mpendwa mdogo wangu Ludger,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta umeanza kutembea bila gongo, na kwamba ile nyonga waliyokupasua imekubali kukutii. Rosalía hajambo? Na wajukuu? Mwambie Rosalía akufiche nyundo na ngazi, maana nakufahamu, ukiambiwa upumzike ndipo unapokumbuka paa linavuja.

Mimi sijambo. Kifua kinanisumbua asubuhi, ukungu unapopanda kutoka mtoni, lakini tumeshazoeana. Kuku wawili wamebaki. Ule mti wa mirabela, zile plamu ndogo za njano, uliopanda wewe ulizaa sana mwaka huu, na jamu yake iko kabatini inakungoja.

Asante kwa simu yako ya siku ya mazishi. Najua sikukujibu kama dada. Uliniuliza jambo moja tu, nani walimbeba kaka Severin, nami nikasema nitakuandikia, kisha nikakata. Sikuwa na hasira nawe. Jikoni kulikuwa kumejaa watu wanaokula keki, na jibu lenyewe halikutaka kutoka mdomoni.

Alikufa vizuri, hilo nianze nalo. Alikuwa ametoka kupaka mafuta mkono wa pampu, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani bila kuvua viatu, akasinzia. Nilipomletea kahawa nilidhani ananifanyia utani.

Hali ya Kisima cha Juu, huu mtaa wetu wa pampu ya kilimani, unaijua kwa barua zangu tu, hujaiona. Ulipoondoka, moshi ulitoka kwenye kila dohani la Pumpengasse. Sasa nyumba ya akina Thielen ni ya wageni wa likizo, nyumba ya Ottilie mshonaji vilevile, na pale kona kwa akina Krings mlangoni kumebandikwa kisanduku cha funguo chenye tarakimu. Wageni wanakuja, wanapiga picha pampu, wanauliza kama maji yake yananyweka, Jumatatu wameondoka. Ni watu wazuri, sina ugomvi nao. Ila huwezi kumpigia hodi mtu wa siku mbili ukamwambia njoo utubebee maiti wetu.

Na hodi ndiyo kila kitu, wewe unajua. Mwalimu Reinhold bado anaisimulia kila sikukuu ya pampu, mpaka watoto wanamalizia sentensi zake: kwamba wakati wa tauni hakuna aliyekubali kugusa wafu ila wale waliochota maji pamoja nao, na tangu hapo mtu wa Juu hubebwa na watu wa Juu, na mtu wa Kisima cha Chini, kule mtoni, na watu wa Chini. Mkuu wa Pampu huchukua ule ufunguo mkubwa wa chuma, huenda mlango kwa mlango akigonga nao, na aliyegongewa hana udhuru. Asiyegongewa haligusi jeneza, hata kama alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana.

Safari hii aliyekufa ni Mkuu wa Pampu mwenyewe. Ufunguo akauchukua Mwalimu, kwa kuwa ndiye mkubwa miongoni mwa wanaume waliobaki. Alizunguka mtaa mzima akarudi anahema. Amempata Holger, mkwe wa Severin. Amempata kijana wa akina Krings aliyekuja kwa mazishi, na Mehmet wa duka la mkate, ambaye ana mwaka wa ishirini hapa mtaani na anaijua pampu kuliko waliozaliwa nayo. Wa nne ni Mwalimu mwenyewe, na lile goti lake. Jeneza la mwaloni linataka mabega sita.

Nikasema mimi nitashika upande mmoja. Mwalimu akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Burga, ndoo ya mkaa yenyewe unaiburuta. Severin utamweza? Mtu aliyekuwa anakula viazi vya watu wawili!"

Hata mimi nilicheka, Ludger. Siku ile tulikuwa bado tunacheka.

Mehmet ndiye aliyesema lililokuwa wazi. "Si kuna watu wa Chini? Wapo, wana nguvu, ukipiga chafya hapa wanakwambia afya. Kawapigie hodi."

"Haiwezekani," Mwalimu akasema. "Marehemu alisema nini? Nikifa, vyura wa Chini wasinishike. Kila mwaka alisema, tena mbele za watu."

Ni kweli alisema. Alisema akiwa amesimama kwenye ngazi ya pampu, glasi ya divai mkononi, uso mwekundu kwa furaha. Unakumbuka ilivyokuwa: yeye anapaza sauti kuelekea mtoni, "Vyura! Ndoo yetu iko wapi?" Na Gisbert Wolber, Mkuu wa Pampu wa Chini, anajibu kutoka kwao, "Njooni mwichukue, mbuzi, kama mnajua kuogelea!" Miaka yote hiyo kwa ajili ya ndoo moja ya ngozi yenye alama ya kengele, ambayo watu wa Chini waliondoka nayo mwaka ule barafu ilipoziba mto ukafurika, babu zetu walipowahifadhi huku juu na magodoro yao na ng'ombe wao. Sisi tunasema waliiba. Wao wanasema waliazimwa. Nadhani bila ndoo ile tusingekuwa na la kuzungumza sikukuu nzima.

Lakini pia unajua, maana nilikuandikia, nani alichukua mashua Krismasi ile ya mafuriko akamtoa mama yake Gisbert kwa dirisha la ghorofani, mama wa watu amejifunga blanketi. Ni huyo huyo Severin. Na alipomfikisha nchi kavu alimgeukia Gisbert akamwambia, "Chura gani wewe, unaogopa maji?" Gisbert alilia pale pale, watu wakijifanya hawaoni. Tangu hapo kila sikukuu ilipokwisha, hao wawili walikuwa wanakaa kwenye benchi la ukingoni wakinywa kilichobaki. Hawakuwa wakiongea sana. Mwalimu hayo yote aliyajua, lakini Mwalimu husikia maneno tu, sauti haisikii.

Sasa sikia hili. Siku moja kabla ya mazishi, Gisbert alikuja. Alisimama mlangoni na koti lake la Jumapili, ameshika ndoo. Ndoo yenyewe, Ludger. Ngozi imekauka kama kiatu cha zamani, lakini kengele inaonekana. Sikuwahi kuiona maishani mwangu.

"Nimeileta," akasema. "Basi."

Akasimama. Hakuondoka. Alikuwa anatazama ule ufunguo mkononi mwa Mwalimu.

Mwalimu akaipokea ndoo. "Afadhali mmeona aibu," akasema. "Mmemngoja afe."

 Gisbert akavaa kofia akashuka ngazi polepole. Mimi nilikuwa ndani nakata keki, kila neno nalisikia, kisu kikiwa mkononi. Nilijua yule mzee hakupanda kilima kwa ajili ya ndoo. Watu wa hapa kwetu hatuna njia nyingine ya kuomba: unaleta kitu, unasimama, unangoja uambiwe. Nilidhani Mwalimu ataelewa. Nilidhani Holger atamkimbilia. Kila mmoja alidhani mwenzake, na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo watu wa mazishi wakaleta kitoroli. Cha chuma, magurudumu ya mpira, kimefunikwa kitambaa cheusi ili kisionekane kitoroli. Unayajua mawe ya Pumpengasse. Jeneza lilikuwa linatikisika njia nzima, na mikono yake ya shaba inagonga mbao, ngo ngo ngo, kama mtu anayebisha kutoka ndani. Holger na wenzake walitembea kando kando, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Mimi nilitazama viatu vya padri tu.

Tulipofika kona ya chini nikainua macho. Walikuwepo. Watu wa Chini wote wazima, wamesimama kwa mstari ukutani, makoti meusi, kofia ndefu mkononi, na glavu nyeupe. Glavu za wabebaji, Ludger. Hakuna anayevaa glavu hizo kuja kutazama.

Pale penye mfereji gurudumu likazama kati ya mawe mawili. Wakavuta, wakasukuma, halikutoka. Kijana mmoja wa Chini akapiga hatua mbele. Gisbert akamshika mkono akamrudisha, kisha akamtazama Mwalimu.  Ingetosha Mwalimu agonge ule ufunguo popote pale, hata ukutani. Alikuwa nao mfukoni, nilikuwa naona ulivyolivuta koti upande mmoja. Yeye akainama na goti lake bovu, akawa anatazama gurudumu.

Likatoka hatimaye. Tukaendelea.

Basi uliniuliza nani walimbeba, na jibu ni hilo. Hakubebwa na mtu. Kaka yetu, aliyebeba wafu wa mtaa huu tangu apate ndevu, aliyembeba baba na akambeba mama, alisukumwa kama pipa, na mabega yake yalikuwa yamesimama kona, yameshavaa. Nimelia kwa mengi maishani lakini hili linaniuma mahali pake peke yake. Nisamehe kwamba nakuandikia hivi na wewe ukiwa mgonjwa. La sivyo ungeyasikia kwa mwingine.

Usimchukie Mwalimu. Siku iliyofuata niliukuta ufunguo kwenye kizingiti cha dirisha langu, umefungwa kwenye leso yake. Hakuniita. Tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma akienda kununua mkate, na Mehmet anasema hasimulii tena habari za tauni, hata akichokozwa.

Nilikaa na ule ufunguo mezani nikiutazama. Hakuna mwanamke aliyewahi kuushika kwa kazi hiyo. Lakini nikafikiri, ngoja nimwone atakayekuja kunikataza, kwani yupo nani? Jana nikavaa nguo za kanisani nikateremka mpaka kwa Gisbert. Niligonga mara tatu kama alivyogonga kaka.

"Nani huyo anayegonga kama polisi?"

"Mbuzi," nikasema.

Akafungua. Alipouona ufunguo akasogea kando. Akanikaribisha, akaniwekea kiti karibu na jiko, akachukua muda mrefu kutafuta vikombe.

"Nilileta ndoo, Burga," akasema hatimaye. "Ulitaka niseme nini zaidi? Nipige magoti kwa yule mwalimu wako?"

"Ungesema tu, tunataka kumbeba."

"Haisemwi. Inagongwa. Ungegonga wewe."

Nikanywa kahawa yake, ambayo ni mbaya sana. Kisha nikamwambia nilichoendea. Kwamba huku juu sasa hatufiki mabega sita na hatutafika tena. Kwamba mimi sina muda mrefu, na ninaye ndugu Chile ambaye anataka siku yake ikifika alazwe hapa kwa baba na mama. Nikamwuliza kama vyura watakubali kutubeba.

Alifikiri, akasema, "Wewe ni mwepesi. Huyo wa Chile je? Amenenepa?"

Nikasema alivyo mla nyama, lazima.

"Basi tutaweka wanane." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkatikia. Akainuka, akafungua droo, akanionyesha glavu zake. Alikuwa amezifua na kuzipiga pasi upya. "Tutawabeba, Burga, usiwe na wasiwasi. Nyinyi wote. Lakini mimi niliyekuwa na deni naye ni yule mmoja tu."

Nimeitundika ndoo kwenye pampu, mahali ambapo Severin alikuwa anasimama. Wageni wanaipiga picha. Nilijaribu kuitia maji, yanavuja yote.

Daktari akikuruhusu kupanda ndege, njoo, Ludger. Usingoje ile safari nyingine. Njoo ukiwa unatembea kwa miguu yako, uile jamu ya mirabela, na ukifika usinipigie simu kutoka kituoni. Panda Pumpengasse ugonge mlango kwa nguvu, hata kama uko wazi.

Msalimie sana Rosalía, na Matías, na yule mdogo anayechora samaki. Holger na mkewe wanakusalimu, Mehmet anakusalimu, na Gisbert Wolber ameniambia nikuandikie jina lake hapa, basi nimeliandika. Mungu akuponye mfupa na akulinde njia yote, na akujalie uitike kila unapoitwa, nawe uitikiwe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Burga.