Asilimia Mia

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya Fundi yamerudi. Nimeyasoma mara tatu nikidhani nimeshika faili la mtu mwingine. Virusi vya UKIMWI elfu themanini na sita! Fundi — mgonjwa wangu mshona nguo, ambaye namtolea mfano kila ninapowanasihi wenzake wameze dawa bila kukosa. Kila mwezi namwaga vidonge vyake kwenye sinia, navisukuma vitano vitano kwa kisu cha plastiki, na kila mwezi, chupa ya thelathini kwa siku ishirini na nane, vinabaki viwili, kama inavyotakiwa. Asilimia mia. Mwezi uliopita nikambandikia nyota kwenye kadi. Alicheka, akiniita jina wanaloniita wagonjwa wote: "Mwalimu, mtu mzima mimi na nyota?"
Ana mtoto wa miezi mitano. Ananyonya.

Jumanne, 5 Machi
Daktari hakuuliza sana. Kama anameza na virusi vinapanda, basi dawa imeshindwa, tumbadilishie. "Si wewe uliyehesabu?" Ndiyo, mimi. Mbona basi tangu asubuhi narudia hesabu ile ile?
Mtoto kachomwa kisigino, matone ya damu yamekwenda maabara. Wiki moja. Ameongezewa dawa ya maji ya kinga. Fundi alimshika mguu, uso kaugeuzia ukutani. Hakuuliza kwa nini anapimwa tena. Mama yeyote angeuliza.

Jumatano, 6 Machi
Au Fundi anavimwaga vidonge? Siku moja kabla ya kliniki, chooni, mpaka vibaki viwili? Wapo wafanyao hivyo. Na nani aliwafundisha kama si mimi na nyota zangu! Siku ya kwanza nilimwambia, ukiruka hata kimoja nitajua. Nikajiona hodari.
Sista wa chumba cha sindano kaniona nimenuna. Eti nikiendelea hivi mwishowe nitawahesabu wagonjwa meno. Nikacheka. Kicheko cha midomoni tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nilifumua pindo la sketi yangu makusudi, nikaipeleka dukani kwa Fundi. Nilisubiri tubaki wawili. Sikumuuliza kama anameza. Nilimwambia kwamba mwaka jana nilipewa dawa ya siku saba, nikaiacha siku ya nne. Ni kweli. Sijawahi kumwambia mgonjwa.
Cherehani ikanyamaza.
"Mimi situpi, Mwalimu. Vinaliwa vyote."
"Na nani?"
Leo yeye, kesho mumewe! Mumewe ni kinyozi, kibanda chake kiko njia panda. Alipima kwa siri mji mwingine, akarudi na majibu, akakaa wiki nzima kama bubu. Kliniki yetu hataki hata kuisikia. Daktari hunyolewa naye, mfamasia hunyolewa naye, hata mlinzi wa getini. "Wakishajua, nani atampa shingo mwenye wembe?" Basi Fundi akagawa. Miezi mitatu sasa. "Nimeze peke yangu, namtazama anakwisha? Nikaona nusu si haba."
Alisema hivyo kama mtu anayeeleza walivyogawana mkate. Na mimi na sinia langu! Nilihesabu vidonge. Sikuhesabu midomo.
Nikamweleza polepole: nusu haimtoshi yeyote, nusu inavizoesha virusi dawa, na maziwa ni yale yale anayonyonya mtoto. Akaushika mkono wangu uliokuwa na sketi.
"Kwa hiyo nimempa?"
Nikasema hatujui. Kweli hatujui.
Amekubali kumeza kila siku kuanzia leo, na nimwambie daktari. Lakini kaniapisha nisimfuate mumewe. Nikimfuata atahama mji. Nimeapa.
Na yule sasa atameza nini?

Jumatatu, 11 Machi
Daktari kanisikiliza mpaka mwisho. Hatubadili dawa kwanza, tupime kama virusi vimeshaizoea. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Mchana nikapita njia panda. Sikusimama! Kinyozi alikuwa anamtania mzee mmoja: "Baba, kichwa hiki kina kona kuliko barabara!" Watu wote wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Kola imemlegea shingoni. Kumwita kliniki ni sentensi moja tu, na sentensi hiyo nimeapa kutoisema.
Nikampigia Fundi. Nimempa njia ya kumweleza mumewe, akitaka kuja: mlango wa nyuma wa kliniki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika. Mimi peke yangu. Akasema, "Nitamwambia. Siahidi."

Jumanne, 12 Machi
Nilifika saa kumi na mbili. Kinyozi hakuja.
Jioni bahasha ya mtoto imeletwa. Imefungwa. Taratibu zetu: inafunguliwa mbele ya mama. Niliishika kwenye mwanga kama mwizi. Haionyeshi kitu.

Jumatano, 13 Machi
Wamekuja! Wote watatu. Naandika koridoni, nimeegemea ukuta.
Kinyozi hakuvua kofia. "Wewe ndiye unayehesabu?" Nikasema, ndiye. "Basi umetuhesabu vibaya, shemeji." Nikasema, kweli. Alitabasamu kidogo.
Nikawaambia majibu ya mtoto haya hapa. Fundi akafumba macho. Mume akaisogeza bahasha mbali na mkewe, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anaagiza kitu dukani: kama mtoto naye anavyo, zile siku zake yeye za kumeza kidonge apewe mtoto. Yeye ataacha.
Nikasema hakuna siku zako na siku zake, kaka. Kila mtu ana chupa yake, kila siku, na hata ya mtoto ipo. Haipungui ya mwingine. Akanitazama kana kwamba ninamtania. "Yangu mwenyewe? Nzima?"
Nzima, nikasema.
Akaomba dakika tano, wao tu. Sheria hairuhusu, bahasha iko mezani. Nimetoka.
Dakika ya saba sasa. Mtoto anagonga meza kwa kiganja, pa, pa, pa — kanyamaza. Nasikia bahasha inachanwa. Hawajaniita.