Jonas wa Kwenye Wi-Fi

Umi, nina kichefuchefu. Si cha mimba, usianze.

Unajua laptopu yangu imegoma kushika Wi-Fi ya nyumbani siku ya tatu leo? Simu zinashika, TV inashika, yenyewe inakataliwa. Nimezima, nimewasha, nimeingiza nywila mpaka vidole vimeota sugu. Na maombi ya chuo cha ukunga yanafungwa leo saa sita mchana, na fomu haifunguki kwenye simu!

Kumbe ni Hussen.

Mume wangu, Umi! Kaifungia yeye, kwa mkono wake. Na juzi kanishikia tochi nikikagua nyaya, "Pole mke wangu." Kanishikia tochi!!

Leo saa tano nalia, ndipo ananiuliza, "Jonas ni nani?"

Jonas gani?

"Anayeingia Wi-Fi yangu nikiwa zamu kisiwani Songo Songo. Nimeona jina lake kwenye orodha ya waliounganishwa. Nikamfungia."

Laptopu ya mtumba, Umi! Tuliinunua wote Lindi, yeye ndiye aliyepatana bei! Jonas ni mmiliki wa kwanza, jina lake mle ndani hatukulifuta.

Nikamwambia, "Jonas huyo hapo mezani, mkaribishe chai."

Siku tatu anakula wali wangu huku anakagua viatu mlangoni. Ptuu!

Kafungua. Nimetuma saa sita kasoro dakika nne. Eti anacheka, "Yaishe, mama." Yaishe nini?

Laptopu nimeipa jina la mama yake mzazi. Aifungie tena tumwone.