Bastola Kwenye Msumari wa Mlangoni

Maskati, 4 Machi 1968

Mdogo wangu Mahbuba,

Salamu na rehema zikufikie wewe na mumeo Thani. Niwie radhi kwa miezi saba ya kimya. Sikuwa mgonjwa, afya yangu ni njema, ila magoti. Nilinyamaza kwa sababu ya barua ya Amur.

Mwanangu aliniandikia mistari minne kuhusu masomo yake, kisha kurasa mbili kukuhusu wewe: mkate wako wa kumimina, kofia uliyomfumia, supu uliyompikia alipougua homa. Zamani alikuita mama mdogo. Siku hizi anaandika "mama" tu. Nilipomkabidhi kwako mwaka 1965 asome huko, nilikupa umlee. Sikukupa awe wako.

Jambo la pili. Anasema Thani amenunua bastola, nanyi mnaiweka jikoni katika mtoto wa meza, chini ya vitambaa vya vyombo. Nieleze kwa nini.

Dada yako,
Masouda

Chicago, 21 Aprili 1968

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillah. Magoti yapake mafuta ya karafuu kama alivyokuwa akifanya bibi.

Umenikasirikia kwa mkate. Nami nna wivu wangu. Katika homa ile Amur alikuwa akikuita wewe, na bakuli la supu nimelishika mimi.

Bastola huku zinauzwa dukani kama viberiti. Muuza viatu wa mtaani petu alipigwa risasi mchana, na aliyempiga ni kijana aliyefukuzwa kiwandani mwezi uliotangulia. Watu weusi wamesukumwa katika mitaa michache, nyumba zimebanana, kazi zinahama, shule ni mbovu. Mwezi huu, baada ya kuuawa kiongozi wao mchungaji, mitaa mingine imewaka moto. Jirani akinunua silaha, wa pili anamwogopa, naye ananunua. Thani haoni haya kusema kuwa alinunua kwa woga. "Mimi si askari," aliniambia, "lakini nna mlango."

Mdogo wako,
Mahbuba

Maskati, 3 Juni 1968

Mahbuba,

Nakusalimu, na magoti yanakushukuru. Woga naujua; tulitoka nao Unguja. Lakini silaha iliyofichwa ni ya mtu mmoja. Huku kila mwanamume ana bunduki. Mgeni akiingia, humkabidhi mwenye nyumba, naye huitundika kwenye msumari karibu na mlango, watu wote waione. Mwezi uliopita, harusini katika kijiji cha Yiti, wanaume wawili waligombana juu ya mitende, wakainuka kuelekea ukutani. Mwenye nyumba, Yaarub, akasimama mbele yao. "Atakayechukua yake," akasema, "aende kwanza akamuage mama yake." Mama zao walikuwa chumba cha pili, wanakula wali. Wakakaa.

Mwambie Thani aitundike mlangoni. Hivyo ndivyo nyumba inavyowekwa. Ningalikuwa huko, ningaliwafunza mapema.

Dada yako,
Masouda

Chicago, 17 Novemba 1968

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Tu wazima wa mwili.

Tuliitundika kama ulivyosema. Thani alifurahi, alisema mlango umekuwa kama wa babu yake. Mwezi wa Septemba, Curtis, mwenzake Amur chuoni, alikuja kula kama kila Jumapili. Kumbe alikuwa akitishwa na vijana wa kituo cha basi. Alipoondoka, msumari ulikuwa mtupu. Thani alidhani nimeiondoa mimi, nami nikadhani yeye. Siku ya tatu, mbele ya duka la kinyozi, Curtis alimpiga risasi mmoja wao, kijana wa miaka kumi na saba. Amekufa. Curtis yuko jela, na Thani amehojiwa na polisi.

Hakuna aliyemwambia Curtis akamuage mama yake. Mama yake hatukumjua.

Amur sasa anamjua. Humpelekea mkate. Amejiunga na watu wa msikiti na wa kanisa. Wanagonga milango kukusanya silaha, na wanakwenda viwandani kuwaombea vijana kazi. Serikali imepitisha sheria ya kuzuia bunduki kuuzwa kwa posta kama kanga, lakini maduka bado yako wazi. Anamaliza masomo mwezi wa Juni, naye anataka kubaki. Anaogopa kukuomba ruhusa, kaniomba nikuombe mimi.

Mdogo wako,
Mahbuba

Maskati, 12 Januari 1969

Mdogo wangu,

Nawasalimu nyote watatu. Mwandiko wangu leo si mzuri, uuvumilie.

Kosa ni langu. Nilikuandikia habari za msumari ili uone kwamba mimi najua kuweka nyumba kuliko wewe. Nikausahau ukumbi wa harusi ile, uliojaa watu wanaojuana. Jina la marehemu hukulitaja. Niandikie.

Kimenichoma kitu kimoja: ruhusa ameiomba kupitia kwako. Chumba chake nimekwisha kukipaka chokaa. Nataka arudi, na najua kwamba si risasi tu zinazonifanya nitake. Mwenye wivu hafai kutoa hukumu siku anayopokea barua, basi leo sisemi ndiyo wala hapana.

Mpelekeeni mkate mama wa marehemu pia, hata akiwafungia mlango. Na Amur akikuita mama, itika. Nikishaamua, nitakuandikia.

Dada yako,
Masouda